Usimwachie: Somo kutoka kwa Mlinzi, Mjukuu wa Kiwanuka

Nawasalimu ninyi nyote wa Jinja, Mbale na Tororo, na ninyi wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, Busia, Malaba, Bungoma mpaka Kisumu. Mimi naandika kutoka Buwenge, kwenye barabara ya kwenda Kamuli. Hapa kwetu ukisimama barabarani asubuhi unaona malori ya miwa, na unaona vijana wanaoyakimbilia wakati wenzao wako darasani.

Haya ni mazungumzo niliyokuwa nayo na viongozi wa vijana. Kamati ya jarida hili la kumbukumbu imeniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni. Kwa hiyo usinihukumu kwa kalamu. Sikiliza tu kama vile tumekaa pamoja chini ya mwembe.

Leo nakuletea habari za mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Najua utauliza, Mwinjilisti na mpira wa Wamarekani wapi na wapi? Ngoja kidogo. Huyu ni damu yetu. Anaitwa Mathias Kiwanuka.

Ukiwa Mganda, jina hilo limekushtua. Naam, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka. Kwa ninyi wa Kenya na vijana ambao hamkufundishwa: Benedicto Kiwanuka alikuwa mwanasheria, kiongozi wa chama cha DP, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Mwezi uliofuata, Aprili, akashindwa kwenye uchaguzi. Mwaka 1969 akafungwa na serikali ya Obote. Amin alipoingia mwaka 1971, alitolewa gerezani na akafanywa Jaji Mkuu. Sasa ona. Mtu amepewa kiti kikubwa na mwenye bunduki. Angeweza kunyamaza ale mshahara wake. Lakini ilipoletwa kesi ya Mwingereza aliyekuwa amezuiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria, Jaji Mkuu aliamuru aachiliwe. Tarehe 21 Septemba 1972 watu walimfuata mpaka Mahakama Kuu, Kampala, wakamchukua kutoka ofisini kwake. Hakurudi. Familia yake mpaka leo haina kaburi la kupeleka maua.

Miaka zaidi ya kumi baadaye, Machi 1983, Mathias akazaliwa Marekani, mji wa Indianapolis, kwa wazazi waliotoka Uganda. Babu hakumwona hata kwa macho. Alirithi jina, lakini jina halikimbii uwanjani. Ilibidi miguu yake mwenyewe ifanye kazi. Akasoma, akacheza, akaenda Boston College. Mwaka 2006 timu ya New York Giants ikamchagua kwenye usajili wa wachezaji wa vyuo, nafasi ya 32, ya mwisho kabisa katika duru ya kwanza. (Jirani zetu wa Kenya msione wivu. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi aliyetoka kwenye raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, naye pia akiwa mlinzi.)

Sasa nikueleze mchezo wenyewe, maana usipouelewa somo litakupita. Mpira wao ni mrefu kama papai dogo, na muda mwingi wanaubeba kwa mikono. Kila upande una watu 11 uwanjani. Wanaoshambulia wanapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Wakifaulu, wanapewa nne nyingine. Wakishindwa, mpira unakuwa wa wapinzani. Kuna mtu mmoja anayeupokea mpira na kuurusha kwa wenzake. Mimi nitamwita mrushaji. Kazi ya Mathias ilikuwa kupenya katikati ya majitu yenye kilo zaidi ya 130, amfikie mrushaji, amwangushe kabla mpira haujatoka mkononi.

Lakini kuna sheria. Mpira ukishatoka mkononi, ukimwangusha mrushaji ni kosa. Timu yako inarudishwa nyuma yadi 15, na wapinzani wanapewa nafasi nne mpya. Kwa hiyo mlinzi anakimbia kwa nguvu zote huku akiwa na hofu ya filimbi. Umeshika hapo?

Basi, tarehe 26 Novemba 2006, mji wa Nashville. Mathias yuko kwenye msimu wake wa kwanza. Giants wanacheza na Tennessee Titans na wameingia robo ya mwisho wakiwa mbele 21 kwa 0. Watu walianza kusema mchezo umekwisha. Titans wakapata pointi, wakapata tena, wakawa wanaongeza. Dakika zinaisha. Ikafika nafasi ya nne ya Titans, na bado wanahitaji yadi 10. Wakizuiwa hapo, wamekwisha.

Mpira ukaenda kwa mrushaji wao, Vince Young. Mathias akapenya. Akamfikia, akamkumbatia. Amemshika, wapendwa! Mikono yake miwili imemzunguka mtu. Kilichobaki ni kumlaza chini tu.

Akamwachia.

Alidhani mpira umeshatoka mkononi. Aliogopa kosa. Kumbe Young bado ana mpira wake. Akakimbia yadi 19, Titans wakasawazisha, na mwisho wakashinda 24 kwa 21.

Mimi nilionyeshwa kipande hicho kwenye simu na kijana wetu anayepiga kinanda. Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia arudie, akarudia. Nikamwambia tena. Mara ya tatu kijana akaniuliza, "Mwinjilisti, mbona unalia?"

Sasa nikuambie kwa nini.

Palikuwa na kijana mmoja katika kwaya yetu. Jina lake sitaliandika. Mama yake alikuwa mjane, anauza muhogo wa kukaanga kwenye stendi. Kijana alipofika sekondari mwaka wa pili akaacha shule, akaenda kukata miwa. Pesa ya miwa ni ya haraka, inaingia leo, na kijana wa miaka kumi na sita akishika pesa yake hawezi kusikia neno la mwalimu. Baadaye ikaja waragi, baadaye mambo mengine.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa vijana. Nikaanza kumfuata. Jioni baada ya jioni natembea mpaka kwenye shamba la miwa, namngoja amalize, tunarudi pamoja tukiongea. Wiki ya tatu alianza kulainika. Akaniambia, "Mchungaji, nikipata ada nitarudi." Mimi si mchungaji, lakini nililipokea neno hilo. Nilikuwa nimemshika.

Halafu nikaanza kusikia maneno. Kwamba kuna mjomba wake anasema mtoto si wangu. Kwamba kuna watu wanauliza huyu mwinjilisti anatafuta nini kwa nyumba ya mjane. Hakuna aliyekuja kwangu uso kwa uso. Hakuna mzee wa kanisa aliyenikataza. Ilikuwa filimbi ya kichwani mwangu tu. Nikajiambia, wacha nisije nikaharibu jina la huduma. Jioni iliyofuata sikwenda shambani. Na iliyofuata. Kijana akapanda lori, akaondoka Buwenge.

Mama yake alikuwa akinisalimu kila Jumapili. Hakunilaumu hata siku moja. Ananiuliza tu, "Bado hujasikia kitu?" Miaka mitatu swali ni hilo hilo. Mwaka wa nne tukamzika. Mwana hakuwepo kaburini.

Basi wewe unayesoma, kama umewahi kumwachia mtu ukiwa umeshamshika, haya maneno ni yako. Huenda ni mtoto wako, huenda ni mke wako, huenda ni rafiki aliyeanza ulevi. Uliogopa maneno ya watu. Uliogopa kuonekana mkali. Nakuuliza, nani alipiga filimbi? Ulimwona kwa macho yako, au ulisikia hofu?

Lakini sikukuletea habari za Mathias ili tubaki Nashville. Na yeye hakubaki Nashville. Kuna vijana ambao wakikosea siku moja mbele ya watu wanaacha kazi. Angalia yeye alivyoendelea.

Mwaka 2007 makocha walimwambia ahame nafasi. Yeye ni mlinzi wa mstari wa mbele, sasa arudi mstari wa pili, ajifunze kazi upya. Alihama. Novemba mwaka huo huo akavunjika mfupa wa mguu, msimu ukaisha kwake. Februari 2008 wenzake wakaingia Super Bowl, ile fainali yao kubwa, wakawashinda New England Patriots 17 kwa 14, timu ambayo haikuwa imefungwa msimu mzima. Na yeye alikuwa nje, hawezi kucheza. Ni bingwa, lakini siku ya vita mguu haukumruhusu. Wewe ungefurahi? Fikiria vizuri kabla hujajibu, maana kuna watu kwetu huku wakikosa kupanda jukwaani siku ya mkutano mkubwa wanahama kanisa.

Mwaka 2008 mwenzake wa mstari wa mbele, Osi Umenyiora, akaumia goti. Mathias akaambiwa rudi mbele. Akarudi, na msimu huo akawaangusha warushaji mara 8. Mwaka 2010 ikawa shingo, na ugonjwa wa shingo kwa mchezo ule si jambo la kuchezea. Akakaa nje karibu msimu wote. Mwaka 2011 akarudi tena.

Tarehe 5 Februari 2012 Giants wakaingia Super Bowl tena, na wapinzani ni Patriots wale wale. Unajua fainali ilichezwa mji gani? Indianapolis. Mji aliozaliwa na kusomea shule. Safari hii alikuwa uwanjani, na wakashinda 21 kwa 17. Akaendelea na Giants mpaka 2015, miaka tisa timu moja.

Sasa nisikilize hapa mwisho, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Ukisoma hesabu ya kazi yake yote, utaona aliwaangusha warushaji mara 38 na nusu. Na nusu! Mimi niliuliza, mtu anaangushwaje nusu? Yule kijana wa kinanda akanieleza. Walinzi wawili wakimwangusha mrushaji kwa pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu.

Hiyo nusu ilinirudisha kwa kijana wangu.

Maana siku moja simu ililia. Mama mmoja wa ushirika wetu, wa upande wa Bungoma. Akasema, "Mwinjilisti, kuna kijana hapa gereji, utingo wa lori, amelala siku mbili na malaria. Anasema kwao ni Buwenge. Anajua nyimbo zetu." Nikauliza jina. Lilikuwa lenyewe.

Nilipanda gari asubuhi, nikapita Malaba, jioni niko Bungoma. Mama yule alikuwa ameshampeleka hospitali, amemnunulia dawa, amemwekea godoro sebuleni kwake. Mimi ndiye niliyembebea habari ya mama yake. Hilo siwezi kulisimulia hapa. Nitasema tu kwamba alinishika mkono na mimi nikamshika, na usiku ule sikutoka pale.

Leo anafanya kazi hapo hapo gereji. Kanisani anakuja akipenda. Shule hakurudi. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekaa sawa, wala mama yake hatarudi. Lakini napiga simu kila Jumamosi na anapokea. Na mama yule wa Bungoma akimwona amepotea siku mbili, anatoka nyumbani kumtafuta. Yeye amepata nusu yake, mimi nusu yangu.

Ndiyo maana katika maadhimisho haya mimi sitaki tuhesabu mikutano tu na mahema. Ushirika uliovuka mpaka faida yake ni nini, kama kijana wa Buwenge akipotea Bungoma hakuna wa kumjua? Malori yanavuka Malaba kila siku. Watoto wetu wamo ndani yake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila kundi la vijana liandike majina ya watatu walioacha kuja. Majina, si idadi. Kila jina lipewe watu wawili wa kulifuata, na kama aliyepotea amevuka mpaka, mmoja wa hao wawili awe wa upande wa pili. Na ukishamshika mtu, usisikilize filimbi ambayo hukuiona ikipigwa. Nehemia alipojenga ukuta, maneno ya watu yalikuwepo kila siku. Hakushuka kwenda kuyajibu.

Na wewe uliyemwachia mtu zamani, kama mimi: nambari yake bado unayo? Weka jarida hili chini kwanza, umpigie. Mengine utasoma baadaye.

Mungu awabariki. Salamu zangu kwa mama wa Bungoma.