PIA YA KUSOKOTEA UZI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mwenyekiti aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya jambo lolote lenye faida kwa vijana. Sisi watumishi wa serikali tukipewa uhuru wa namna hiyo huishia kusoma takwimu. Leo nitawahurumia. Nitazungumza juu ya kijiti.

Kijiti chenyewe ni kile cha kusokotea uzi. Ni kipande chembamba cha mti, kilichovishwa kigurudumu kidogo cha kukitia uzito ili kizunguke kwa muda. Kwa mwendo wake ni ndugu wa ile pia wanayochezea watoto, nami nitakiita pia ya uzi. Uzi ukishaviringwa juu yake, hunenepa katikati na kubaki chembamba ncha zote mbili. Umbo hilo mtalikuta kwa jodari, ambaye kwa ajili yake hupasua maji bila kusumbuka. Mtalikuta kwa mkereza mbao, afungaye kipande cha mti baina ya ncha mbili na kukizungusha, hata ukatoka mguu wa kitanda. Mchoraji wa Hispania, Diego Velázquez, aliwachora wanawake wasokotaji katika karne ya 17, na gurudumu lao akalichora bila njiti zake, kwa kuwa linazunguka kasi hata jicho lisizione.

Lakini nisingewachosha kwa ajili ya umbo tu. Hebu tuitazame kazi. Chukueni pamba kidogo. Unyuzi mmoja wa pamba una urefu wa sentimita tatu hivi. Ukiuvuta mkono mzima wa pamba, unaachana bila taabu. Usokote kwanza, kisha uvute: nyuzinyuzi zinabanana, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyozidi kushikana. Hukuongeza gundi wala kitu kingine ila msokoto, na udhaifu umekuwa nguvu. Siri yake ni kiasi. Kigurudumu kikiwa kizito mno, uzi hukatika. Kikiwa chepesi mno, pia husimama kabla uzi haujakaza.

Wazee wetu wa pwani waliijua kazi hiyo. Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1974. Miongoni mwa vitu alivyopata ni vigae vya vyungu vilivyosuguliwa vikawa duara na kutobolewa tundu katikati. Ndivyo vigurudumu vya pia za uzi. Maana yake, mji uliosafirisha dhahabu na pembe ulikuwa vilevile na watu waliokaa wakisokota pamba, wakitumia kigae cha chungu kilichovunjika. Na Mogadishu, Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, alikuta nguo zilizofumwa huko zikipelekwa hadi Misri.

Basi tulifikaje mahali pa kununua hata uzi wa kushonea kifungo? Sababu ziko nyingi, lakini moja iko kwenye kijiti hichohicho. Mnamo mwaka 1764 James Hargreaves wa Lancashire, Uingereza, alitengeneza mashine iliyomwezesha mtu mmoja kuzungusha pia nane kwa mara moja. Wengine waliendeleza, wakatia nguvu za maji na za mvuke, pia zikawa maelfu. Kufikia miaka ya 1830 nguo ya viwanda vya Marekani ilikuwa ikishushwa Unguja kwa marobota, na mpaka leo jina lake ni merikani. Msokotaji wa pia moja hakushindwa kwa uvivu. Alishindwa kwa hesabu: moja kwa maelfu.

Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Uchina, na vingine vikafuata. Baadaye vingi vilipunguza kazi au vilifungwa. Leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa imetolewa mbegu tu, haijasokotwa. Mkulima hulipwa kwa pamba. Ujira wa msokoto hulipwa kwingine.

Sasa nigeukie wale mnaosema hayo ni mambo ya biashara, ninyi mchepuo wenu ni biolojia. Pia mnayo mwilini. Chembe hai ikitaka kugawanyika, kromosomu zake 46 hunakiliwa kwanza. Kisha hutandazwa nyuzi nyembamba mno kutoka ncha mbili za chembe, zikafanya umbo nene katikati. Wataalamu walipoliona katika hadubini, waliliita kwa jina la pia ya uzi. Nyuzi hizo huzivuta kromosomu, nusu huku na nusu kule, na chembe haiziachii mpaka kila jozi iwe imeshikwa na kuvutwa sawasawa pande zote mbili. Kiasi tena!

Liko ua dogo la bustani, la waridi au jeupe, lenye asili ya Madagaska. Asilitafune mtu, ni sumu. Lakini wataalamu wametoa humo dawa iitwayo vinkristini, ambayo huzuia pia ya chembe isijengeke, na chembe ya saratani ikashindwa kuzaana. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa nchi zetu. Vinkristini ni mojawapo ya dawa zinazoutibu, na wako watoto wanaopona kwa sababu kuna mtu aliyejua pia hiyo hufanyaje kazi.

Vijana, nimewatoa Kilwa hadi wodi ya watoto kwa kijiti kimoja. Mwalimu wa historia, wa fizikia, wa biolojia na wa biashara, kila mmoja ana kipande chake. Anayeshika kipande kimoja tu ana unyuzi wa sentimita tatu.

Kwa wenzangu ninalo ombi. Kabla ya mkutano wa mwakani tuwaletee vijana hawa robota moja la pamba iliyochambuliwa. Vijiti watachonga wenyewe, na vigae havikosekani jikoni. Kila darasa lisokote uzi, lifungie mawe, lipime unakatika kwa kilo ngapi, na liandike kwa nini. Mimi nitalipia usafiri wa robota hilo. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Nataka vijana wetu waweze kueleza sababu.