Mshahara na Kipimo

Bwana Mwenyekiti na ndugu wanachama,

Twaomba mtusikilize kwa subira, kwa kuwa neno tulilo nalo latuhusu sisi makarani kabla ya mtu mwingine.

Hapa Kwamndolwa, penye mashamba ya mkonge, tumezoea kusema kwamba mkata mkonge hajui kutumia fedha, kwa sababu hununua kwa kipimo. Tuchukue mfano. Ikiwa kipimo cha mafuta ni shilingi 500, na vipimo 15 ndivyo lita moja, lita hiyo imemgharimu shilingi 7,500. Anunuaye lita nzima kwa mara moja, tuseme atatoa 6,000. Maskini amelipa zaidi, lakini si mpumbavu: siku ile alikuwa na 500 tu, na watoto walingoja kula.

Na sisi tupokeao kwa mwezi je? Juma la kwanza twala nyama. Ifikapo tarehe 20 twaandikwa katika daftari la duka. Mtoto akiugua twakimbilia mikopo iitwayo kausha damu, na kadi ya benki twaiweka rehani. Hatusemi haya kama watu waliosalimika. Kadi yetu sisi ilikaa miezi mitatu kwa mkopeshaji.

Tumewatazama wake za wakata mkonge hao. Wana upatu, na wana VICOBA: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, hata mmoja asiweze kulifungua peke yake. Hununua hisa kila juma, na kando huweka mfuko wa jamii kwa ugonjwa na msiba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya namna hiyo.

Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali pale Tanga. Mshahara wa karani Mwafrika ulikuwa mdogo, wala hawakungoja uongezwe ndipo washikamane.

Basi shauri letu ni hili: kila mwanachama atoe kiasi siku ya mshahara, kabla hajapita dukani, sanduku liwe na kufuli tatu, na mkopo wa kwanza apewe yule ambaye kadi yake i mkononi mwa mwingine, bila kutajwa jina.

Haba na haba hujaza kibaba. Hata leo kibaba tukijazacho ni cha mkopeshaji.

Wasalaam.