Akina Mama wa Makamo na Mazoezi ya Mwili

Leo twazungumza habari za akina mama waliofika makamo. Nanyi mabwana mlioko darasani msizibe masikio, maana jambo hili limo nyumbani mwenu.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Wengine hupatwa na joto la ghafula usoni na kifuani, na usingizi wao hukatika. Lakini lipo jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Mwilini hupungua kichocheo kiitwacho estrojeni, ambacho hulinda mifupa. Kikipungua, mifupa huwa dhaifu upesi zaidi, nayo misuli hulegea. Mama aweza kuteleza uani tu, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuchotewa maji.

Mifupa na misuli hupata nguvu kwa kutumiwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, yaani nusu saa kwa siku tano, na tena siku mbili za kazi ya kutia misuli nguvu. Mtasema, "Sisi twalima, twabeba kuni." Ni kweli, na mwenye jembe mkononi amekwisha kuanza. Nasema hasa na mama aketiye kutwa sokoni au kwenye cherehani. Yeye pia huchoka, lakini uchovu wake ni wa kuketi.

Shida kubwa ni hamu. Asubuhi haijaja, jioni imekwisha kwenda. Basi msiingoje. Fungeni mazoezi na jambo mlifanyalo kila siku. Arudiye kwa basi ashuke kituo kimoja kabla ya kwake, aende kwa miguu. Angojaye chai ichemke aketi kitini na kuinuka mara kumi bila kujishika. Tena tafuteni mwenzi: mama akijua jirani amesimama mlangoni anamngoja, huona haya kubaki kitandani. Apendaye ngoma na acheze, nayo ni mazoezi. Lakini aumwaye kifua akitembea amwone daktari kwanza.

Kazi ya juma hili: andikeni katika daftari majina ya siku saba, kila siku mstari wake. Mbele ya kila siku andikeni dakika mlizotembea. Katika somo lijalo mwalimu atajumlisha pamoja nanyi.