Madoa Meupe kwenye Tangi la Samaki

Unayefuga samaki wa baharini kwenye tangi la kioo, ukimwona ana madoa meupe mfano wa chembe za chumvi, anajisugua kwenye mawe na kuhema upesi, shuku kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans.

Wahamishe samaki wote kwenye tangi la pili lenye pampu ya hewa, lisilo na mawe wala matumbawe. Humo ndimo hutiwa dawa ya shaba, kwa kipimo kilichoandikwa, na kiwango chake kipimwe kila siku. Tafadhali, usikisie mrututu, yaani hiyo dawa ya shaba, kwa kijiko! Shaba ikizidi huua samaki, na hata kidogo tu huua matumbawe, kamba na kaa.

Kimelea hiki hukaa mwilini siku chache, kisha huanguka, hujifungia ndani ya ganda na kuzaliana humo. Dawa hailipenyi ganda. Kwa hiyo madoa kupotea si kupona. Tangi la kwanza libaki bila samaki walau wiki 6.

Na samaki mgonjwa, nakuombeni sana, msimrudishe baharini.