Mjumbe na Ujumbe Wake: Mbunge wa Jimbo la Marekani na Habari Inayofika kwa Wakati



Anayebeba barua kutoka kijiji hiki kwenda kile tunamwita mjumbe. Anayechaguliwa akakae kwenye kamati kwa niaba yetu, naye ni mjumbe. Alichobeba ni ujumbe. Sidhani lugha yetu ilikosea kuwaweka wawili hawa katika nyumba moja. Jioni hii nataka tumtazame mjumbe wa aina moja tu, mbunge wa jimbo nchini Marekani, na swali langu ni dogo: ujumbe wake huwafikia lini watu waliomtuma?

Neno jimbo lenyewe linatutatiza. Kwetu Tanzania ni eneo linalomchagua mbunge mmoja. Marekani majimbo ni 50, na kila moja lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Magazeti yetu humwandika Rais na Bunge la Washington, nasi tukadhani nchi nzima inaendeshwa kutoka pale. Lakini sheria za shule, leseni ya udereva, ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, na sehemu kubwa ya sheria za jinai hutungwa katika makao makuu ya majimbo, na watu ambao wengi wa wapiga kura wao wangepishana nao sokoni wasiwatambue.

Umbali kati ya mjumbe na watu wake unatofautiana mno. Seneta wa jimbo la California, mmoja kati ya 40, anawakilisha karibu watu milioni moja. New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini mashariki, lina wawakilishi 400. Kila mmoja ana watu wapatao 3,400, na malipo yake ni dola 100 kwa mwaka, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1889. Yule wa California hawezi kazi bila ofisi na watumishi. Huyu wa New Hampshire huulizwa maswali akiwa kwenye foleni ya dukani.

Zamani gazeti lilikuwa daraja kati yao. Kwa hesabu ya kituo cha utafiti cha Pew, waandishi walioajiriwa kuripoti mabunge ya majimbo muda wote walikuwa 904 mwaka 2014, na kufikia 2022 walibaki 850, kwa nchi nzima. Daraja likipungua mbao, mbunge anaachiwa azitangaze habari zake mwenyewe, na hapo ndipo mashaka yangu yanapoanzia.

Kwanza, hata hivyo, tumtendee haki mjumbe kwa jumla, awe wa jimbo au wa taifa, maana barua yake imewahi kumtia taabuni. Mwezi Mei 1797 mjini Richmond, Virginia, baraza la wazee wa mahakama ya shirikisho lilizilaani barua ambazo baadhi ya wajumbe wa Bunge la taifa walikuwa wakiwaandikia wapiga kura wao, likamtaja kwa jina Samuel J. Cabell. Kosa lake lilikuwa kuikosoa serikali ya Rais John Adams. Thomas Jefferson, aliyekuwa Makamu wa Rais wa serikali hiyohiyo, aliandika kwa siri malalamiko kwenda kwenye bunge la jimbo la Virginia. Hoja yake ilikuwa kwamba mahakama haina ruhusa ya kuingia kati ya mwakilishi na watu wake. Cabell hakushtakiwa. Wahenga wetu walikwisha kusema mjumbe hauawi, na mimi naona Jefferson alikuwa akilitetea neno hilohilo kwa njia ya kisheria. Barua ya Cabell ilikuwa na thamani kwa sababu iliwafikia watu mambo yakiwa bado yanabishaniwa.

Sasa twendeni Maine, jimbo lililo pembeni kabisa mwa kaskazini mashariki. Nalichagua kwa sababu huko wamo watu wanaoota ndoto zao kwa Kiswahili. Mwaka 2019, kuanzia mwezi Juni, mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, waliwasili katika mji wa Portland, wakalazwa kwenye ukumbi wa michezo uitwao Portland Expo. Tuchukulie kuna mama wa Bukavu miongoni mwao, na watoto watatu. Anataka mambo mawili: chumba, na kazi.

Chumba anakiombea kwenye ofisi za manispaa, chini ya mpango uitwao Msaada wa Jumla, ambao kila mji wa Maine unalazimika kuuendesha. Akikataliwa, atamlaumu karani aliye mbele yake. Lakini karani hakutunga masharti. Masharti yanatoka Augusta, makao makuu ya jimbo, na jimbo ndilo linaloirudishia manispaa asilimia 70 ya gharama. Sheria ya 2015 iliwaruhusu waomba hifadhi kupata msaada huo kwa miezi isiyozidi 24; Julai 2019 Gavana Janet Mills alitoa kanuni ya dharura iliyoupanua mlango ule. Kibali cha kazi nacho hakitoki Portland wala Augusta. Hicho ni cha Washington, na sheria ya shirikisho inataka zipite siku 180 tangu ombi la hifadhi lipokelewe.

Serikali tatu, mama mmoja. Huwezi kumwambia “fuatilia suala lako” bila kumwambia alifuatilie wapi. Mbunge wa jimbo amekaa katikati ya ngazi hizi, na yeye ndiye mwenye nafasi nzuri ya kusema: hili ni la mji, nenda ukumbi wa halmashauri, hili ni langu, linaamuliwa Jumanne, hili silo langu, lakini ofisi ya anayehusika ni hii. Deqa Dhalac, aliyekuwa meya wa South Portland kabla ya kuchaguliwa kuingia bunge la Maine mwaka 2022, amekalia viti viwili vya ngazi hizo. Uzoefu wa namna hiyo nauthamini kuliko hotuba nyingi.

Na hiyo Jumanne ndiyo inayonishughulisha. Maine ina wawakilishi 151, kila mmoja na watu kama 9,000, na kamati zake huunganisha mabaraza yote mawili: wawakilishi 10 na maseneta 3 huketi meza moja. Muswada ukifika kwao, huitishwa kikao cha kupokea maoni ya wananchi. Yeyote anaweza kusema, ana kwa ana, kwa njia ya mtandao au kwa maandishi. Baada ya hapo kamati hukaa kikao cha kazi, na mambo huanza kuganda. Dirisha la mwananchi ni fupi.

Sasa zitazameni barua ambazo wabunge wengi huzituma. Katika miji ya Maine kila mwaka huchapishwa kijitabu cha ripoti ya mji, na humo mara nyingi mna barua ya mwakilishi na ya seneta wa jimbo: kikao kimekwisha, tulipitisha hili na lile, asanteni kwa kuniamini. Mimi huzisoma barua hizo kwa heshima, maana ni kumbukumbu. Lakini aliyeisoma anaweza kufanya nini? Muswada umekwisha kuwa sheria. Ameletewa mifupa ya karamu ambayo hakualikwa. Barua ya mistari minne iliyokuja siku kumi kabla, ikitaja namba ya muswada, chumba na saa, ingemfaa zaidi kuliko kurasa nne zenye picha.

Tena iandikwe kwa lugha gani? Hapa nawasihi wanafunzi wa tafsiri mliopo. Neno la Kiingereza kwa kikao hicho cha kamati, “hearing”, ndilo hilohilo la kikao cha mahakama kinachosikiliza shauri la hifadhi. Ukimtafsiria mama wa Bukavu kwamba ameitwa “kusikilizwa” Augusta, hatalala usiku huo. Atadhani anarudishwa alikokimbia. Mwambie ni kikao cha kupokea maoni, kwamba hakuna anayeshitakiwa, kwamba haapishwi. Mtumie ujumbe huo kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa lake, aupate Ijumaa, atafute wa kumwachia watoto.

Akifika, atasubiri zamu yake kama wengine. Kwa kawaida hupewa dakika tatu hivi. Ataanza kama wanavyoanza wote katika chumba kile: atataja jina lake, na mji anaoishi. Kadi ya kupigia kura hana, na hakuna atakayemwomba aitoe.