Kupiga Picha za Nyumba na Michoro ya Viambazani, Ngara na Biharamulo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa jioni hii tuseme maneno machache juu ya kupiga picha za majengo na michoro ya viambazani katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Twashukuru kwa heshima hiyo. Hatukuja kujisifu kwa picha tulizopiga, bali tumekuja kuungama kosa moja, ili ninyi mlio vijana msilirudie.

Sisi watumishi wa serikali tu watu wa uhamisho. Leo tuko Ngara, mwakani barua yaja, twafunga mizigo. Wengi wetu hubeba kamera katika safari za vijijini, na macho yetu hukimbilia kilicho kikubwa. Anayepita Biharamulo hupenda kupiga picha ya Boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Hatusemi kwamba ni vibaya, kwani Boma nalo ni historia yetu. Lakini Boma laweza kungoja. Kiambaza cha udongo hakingoji. Masika hula rangi yake, mwenye nyumba hukisiliba upya, kisha mwaka mmoja huja bati na matofali ya kuchoma, na mchoro umekwisha.

Wala sheria haitakilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa la kale jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863, isipokuwa lile litakalotangazwa na Waziri. Speke na Grant walipita nchi ya Usui, yaani upande huu wa Biharamulo, mwaka 1861, na kitabu cha Speke kilitoka mwaka huo huo wa 1863. Ni kiambaza gani cha udongo kilichosimama tangu siku zile? Hapana. Mchoro wa ukutani hukaa kwa kurudiwa, mama akimwonyesha binti yake. Binti asiporudia, hauna mahali pengine pa kukaa ila katika picha.

Msidhani kwamba jambo hili ni dogo. Ng'ambo ya maporomoko ya Rusumo, katika Kirehe ya Rwanda, iliyo sehemu ya nchi ya kale ya Gisaka, wako mafundi wa mapambo yaitwayo imigongo. Huchanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakajenga matuta membamba yenye pembe na mistari, kisha wakayapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Baada ya mauaji ya mwaka 1994 kazi hiyo ilifufuliwa na wanawake, na leo wageni huinunua. Huko Usukuma, Bwana Hans Cory alikusanya michoro ya ukutani ya chama cha wacheza na nyoka, akaitolea kitabu mwaka 1953. Michoro hiyo haikupotea yote, kwa sababu alikuwako mtu mwenye subira ya kuiandika.

Sasa tuseme kosa letu. Katika kijiji kimoja cha Ngara tuliona nyumba ya bibi mmoja mzee. Kiambaza cha mbele kilikuwa na pembe tatu zilizopangwa safu juu ya safu, nyeusi kwa masizi, nyekundu kwa udongo, na nyeupe kwa udongo mweupe. Tulimwomba ruhusa, naye akakubali kwa sharti moja tu, kwamba tumletee picha yake. Tulipiga picha jua likiwa utosini, tukaandika nyuma yake "Nyumba, Ngara", tukaitia sandukuni. Kisha barua ya uhamisho ikaja.

Tuliporudi, masika mawili yalikuwa yamepita. Bibi alikuwa amefariki, na nyumba ilikuwa imebomolewa. Binti yake alikuwa amejenga nyumba ya matofali, naye alitaka kuchora ukuta wake kama wa mama yake, lakini alikuwa amesahau mpangilio. Tulimpa picha kwa furaha, tukidhani tumemwokoa. Aliitazama muda mrefu, akauliza kwa upole, "Bwana, nyekundu ni ipi na nyeusi ni ipi?" Tukatazama pamoja naye. Katika picha yetu pembe zote za giza zilikuwa sawa. Hatukuweza kumjibu, maana hatukuandika neno. Ule ukuta mpya ungali mtupu.

Basi twawapa mashauri manne, nayo tumeyanunua kwa aibu.

Kwanza, jueni filamu yenu. Filamu ya nyeusi na nyeupe hugeuza rangi zote kuwa giza na nuru, na udongo mwekundu huweza kufanana kabisa na masizi. Pigeni picha mbili za ukuta mmoja: moja bila kioo cha rangi, na ya pili kwa kioo chekundu mbele ya lenzi. Kioo hicho huing'arisha nyekundu, nayo nyeusi ikabaki nyeusi. Lakini hudai mwanga kadiri ya mara nane, kwa hiyo wekeni kamera juu ya kigogo au miguu yake mitatu.

Pili, chagueni saa. Matuta na mikwaruzo ya vidole huonekana jua la asubuhi au la jioni likipita ubavuni mwa ukuta; saa sita hufutika. Na ukuta uliopakwa chokaa hudanganya kipima mwanga, picha ikatoka ya kijivu. Uongezeni mwanga kidogo.

Tatu, andikeni. Sisi ambao kazi yetu ni daftari tusione uvivu wa mistari sita: jina la mchoraji akikubali litajwe, kijiji, tarehe, kila rangi na mahali ilipo, udongo wake ulichimbwa wapi, na jina la mchoro kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi. Mwenye simu na apige pia picha ya rangi. Lakini msiiache filamu, kwa maana picha ya fedha iliyosafishwa na kuoshwa vema hudumu kuliko rangi za filamu ya rangi, ambazo hufifia hata sandukuni.

Nne, na hili ndilo kubwa, rudisheni picha. Aliyekufungulia ua wake amekukopesha, nawe u mdeni. Msingoje likizo wala uhamisho.

Mabwana na Mabibi, twapendekeza kwamba kila mwanachama atakayekwenda safari ya kazi msimu huu wa kiangazi alete picha ya kiambaza kimoja pamoja na mistari yake sita, na kwamba nakala ya kwanza iwe ya mwenye nyumba, ya pili ndiyo ya Chama. Sisi wenyewe tutaanza na yule binti. Yuko shangazi yake mzee ambaye twaambiwa angali anakumbuka, nasi tutakwenda kumwuliza kabla ya mvua.