Cheni ya Injini: Mazungumzo kwa Vikundi Vyenye Pikapu

Nimeombwa niongee juu ya cheni ya taiming, maana vikundi vyetu vingi vina pikapu ya kubeba maziwa, na pikapu ikilala njiani maziwa yanamwagwa.

Nitataja zile Toyota Hilux kuukuu za injini ya 22R. Cheni inaunganisha krankshafti chini na kemshafti juu, ili vali zifunguke kwa wakati wake. Ikiruka meno, gari linakosa nguvu. Ikikatika, linazima papo hapo.

Lakini haifi kimya. Asubuhi ukiwasha, utasikia mlio mbele ya injini kama mawe ndani ya debe. Mara nyingi ni vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza cheni vimevunjika. Dereva atasema, "Si bado inatembea?" Msimkubalie. Cheni iliyolegea hukwaruza kava ya alumini mpaka itoboke, na nyuma ya ukuta huo kuna maji. Maji yakiingia kwa oili, oili inakuwa kama chai ya maziwa, beringi zinaisha. Hapo hamnunui cheni tena, mnanunua injini.

Nunueni seti nzima: cheni, giya zake, kile kifaa cha kuikaza, vipande vya kuiongoza na gasketi. Bebeni ile ya zamani dukani, kwa sababu 22R za kwanza zilikuwa na cheni ya safu mbili, za baadaye safu moja.

Kwa kazi yenyewe, toa waya za betri, mwaga maji na oili, ondoa rejeta, feni na mikanda. Zungusha injini kwa spana mpaka pistoni namba moja ifike juu kabisa, vali zake zote zikiwa zimefunga. Sasa sikilizeni, vijana, maana hapa ndipo watu huharibu. Mbele ya silinda hedi, chini ya giya ya juu, kuna bolti imejificha, pengine imezama kwa oili. Inashika kava. Ukiisahau uanze kugonga kwa nyundo, kava inapasuka.

Fungueni sampu pia. Plastiki iliyovunjika huanguka huko na kuziba chujio la oili.

Cheni mpya ina viungo vinavyong'aa. Vikae kwenye alama za giya, chini na juu. Kabla ya kuwasha, zungusha kwa spana mizunguko miwili kamili. Ikikwama, usilazimishe, angalia alama upya. Alama za giya zitarudi mahali pake, ila vile viungo vinavyong'aa havitarudi. Usishtuke.

Nawe mweka hazina, kabla ya kulipa fundi, dai vyuma vya zamani viletwe mkutanoni. Hapa mezani nina cheni moja iliyochakaa na kava iliyotoboka. Akina mama walio mbele, shikeni kwanza, kisha mpitishe nyuma.